Vihisi vya mkononi visivyo na betri: Umeme vinaupata wapi, na vitamfaa nani?

Mtu aliyepata kiharusi akiruhusiwa kutoka hospitali, kazi kubwa humngoja nyumbani: kushika kijiko, kufunga vifungo vya shati, kukamata jembe tena. Huambiwa afanye mazoezi ya vidole kila siku. Lakini anayeishi mbali na mji huweza kukaa wiki kadhaa bila kumwona mtaalamu wa mazoezi tiba. Siku hizo zote, ni nani anayejua kama mkono unapata nafuu au unazidi kukakamaa?

Watafiti wanataka kuliziba pengo hilo kwa vihisi vinavyovaliwa mkononi, vinavyopima jinsi vidole vinavyokunjwa na kupeleka vipimo kwenye simu.

Kikwazo ni betri

Saa ya mkononi ina nafasi ya betri, kidole hakina. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitangaza pete iitwayo AuraRing, inayofuatilia mwendo wa kidole ikisaidiana na bangili. Pete hiyo hutumia miliwati 2.3 tu. Taa ya wati 5 hutumia zaidi ya mara 2,000 ya hapo. Hata hivyo, pete ina betri, na betri inataka chaji. Kila kidole kikivaa kihisi chake, ni chaji tano za kukumbuka.

Umeme unapitaje bila waya?

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika karibu na waya huzalisha umeme ndani ya waya huo. Kadi za benki za kugusisha hufanya kazi hivyo, kwa mfumo wa NFC: kadi haina betri, hupata umeme kutoka kwenye mashine ya malipo.

Udhaifu wake ni umbali, kwani NFC hufika sentimita chache tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walidarizi nguo kwa nyuzi zinazopitisha umeme, zikautoa kwenye simu na kuufikisha kwenye vihisi vya mbali zaidi mwilini. Walipima mkao wa mgongo na mwendo wa mtu akikimbia. Vidole ni vigumu zaidi: hugeuka kila mara, na kihisi kikienda upande, umeme unaokifikia hupungua.

Maswali ya kuuliza

Betri ikiondolewa kwenye kihisi, mzigo unahamia kwenye simu. Simu hiyo lazima iwe na NFC, na nyingi za bei nafuu hazina. Lazima pia iwe na chaji, jambo gumu kwa anayelipia kuchajisha dukani.

Kisha, vipimo vya mkono wako ni siri ya afya yako. Vinahifadhiwa wapi, na nani anaviona? Na kihisi kikionyesha kidole kinakunjika nusu, bado anahitajika mtaalamu wa kusema zoezi gani libadilishwe. Bila mtaalamu huyo, namba zinabaki kuwa namba.

Kwa sasa, mwenye mgonjwa nyumbani anaweza kuanza na alichonacho. Kila wiki, mrekodi kwa simu akishika kikombe kilekile, kisha mwonyeshe mtaalamu siku ya kliniki.