Leseni ya urubani si kazi: Uliza haya kabla mzazi hajauza shamba

Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma. Safari zilifutwa, abiria wakakwama JKIA na mizigo yao, na mtandaoni moto ukawaka. Wengi walikuwa na swali moja tu: hawa watu wanalipwa pesa ndefu, wanataka nini tena? Chini ya hasira hiyo kulikuwa na imani ambayo karibu sote tunayo, kwamba rubani ni rubani, na kila rubani ni tajiri.

Sasa toka JKIA, shika barabara ya Mombasa, kisha ingia Lang'ata mpaka uwanja wa Wilson. Fika mapema asubuhi. Utaona vijana wa rika lako wamevaa mashati meupe yaliyopigwa pasi, bahasha ya CV kwapani, wakihama kutoka ofisi hii hadi ile. Wana leseni ya urubani wa kibiashara. Walichokosa ni ndege ya kurusha.

Binamu yangu ni mmoja wao. Mjomba aliuza ekari za mahindi kule Trans Nzoia ili asome. Alipofuzu tulichinja mbuzi, tukapiga picha, na tangu siku hiyo nyumbani anaitwa Kapteni. Huu ni mwaka wake wa tatu bila kurusha ndege kwa malipo. Anapima mizigo na kuandika majina ya abiria katika kampuni moja ndogo, kwa posho ambayo inaisha ikishalipa chumba chake Umoja. Shangazi akimpigia simu, "Kapteni, nitumie kitu kidogo," anakata simu anakaa kimya.

Mwezi uliopita akaletewa habari njema yenye miba. Kuna kiti kitafunguka, lakini sharti ajilipie mwenyewe mafunzo ya ndege inayotumika pale. Barua ya kazi itakuja baadaye. Mjomba akanipigia akaniuliza, "Wewe uko Nairobi, unajua mambo. Tuuze kile kipande kilichobaki?" Kipande kilichobaki ndicho chenye nyumba.

Ndiyo maana naandika. Kuna mwingine anayesoma hapa ambaye babake yuko karibu kuuza ploti ya Kitengela kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna aliyemweleza hesabu.

Tuanze na saa. Katika kazi hii saa za kuruka ndizo mali. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya kibiashara huhitaji saa 200, au 150 ukipitia kozi maalumu iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500. Kati ya hapo kuna pengo la saa 1,300, na pengo hilo ndilo hakuna tangazo la chuo linaloliongelea.

Piga hesabu nami. Ukipata kazi ya kuruka saa 60 kwa mwezi, utalimaliza pengo hilo kwa chini ya miaka 2. Ukipata vibarua vya saa 10 kwa mwezi, utahitaji miezi 130, yaani karibu miaka 11. Ukikosa kabisa, kama binamu yangu, hutafika kamwe. Wote watatu wanaweza kuwa walikaa darasa moja na kupata alama zile zile. Kilichowatenganisha ni nani alipata kiti cha kwanza.

Na kiti hicho cha kwanza hakitolewi ovyo. Mara nyingi si mwajiri pekee anayeamua. Kampuni ya bima nayo huweka idadi ya saa ambazo rubani lazima awe nazo kabla ya kukabidhiwa abiria. Kwa hivyo kijana wa saa 200 anaambiwa arudi akiwa na saa nyingi zaidi, lakini hapewi mahali pa kuzipata. Ni kama kumwambia mtu ajifunze kuogelea kabla ya kuingia majini.

Pili, kuna ile idhini ya aina ya ndege, au "reitingi" kama wanavyoiita Wilson. Leseni ya gari ukiipata leo, kesho unaweza kuendesha Probox na kesho kutwa Subaru. Ndege hazifanyi hivyo. Ukifunzwa Dash 8, huwezi kuhamia Embraer au Boeing 737 bila kurudi darasani, kuingia kwenye simuleta na kufanya mtihani mwingine. Kwa ndege kubwa za jeti, mafunzo hayo yanaweza kupita shilingi milioni 2, na hapo ushatumia mamilioni mengine kupata leseni yenyewe.

Kibaya zaidi, idhini hiyo inaoza. Usiporusha ndege ile na kupimwa tena kila muda uliowekwa, inakuwa karatasi tu. Nimesikia vijana wakishauriwa wajinunulie reitingi ya 737 "ili CV ing'ae". Bro, hapo unanunua matairi ya lori kabla hujajua kama kuna mtu atakupa lori. Na hata ukikaa bure, gharama hazikai: cheti cha afya cha daraja la kwanza kinapaswa kufanywa upya kila mwaka, na idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo nayo ina mtihani wake.

Tatu, ngazi yenyewe haiendi juu moja kwa moja. Wengi huanzia kwenye Cessna Caravan, kale kandege ka injini moja kanakobeba abiria 12 hivi kwenda viwanja vya murram kule Maasai Mara. Wengine hubeba mizigo na misaada kuelekea Somalia na Sudan Kusini. Wengine hubaki shuleni kama wakufunzi, wakijijengea saa kwa kufundisha wenzao. Kutoka hapo ndipo mtu hutafuta kiti cha rubani msaidizi kwenye ndege kama Dash 8-400 za Jambojet, zenye viti 78, kisha jeti za kimataifa.

Usidharau Caravan. Ile leseni ya saa 1,500 haihesabu saa tu, inauliza pia ni ngapi kati yake wewe ndiye uliyekuwa mkuu wa ndege. Anayerusha Caravan Mara ndiye kapteni, hata kama abiria wanamwona mtoto. Aliyerukia mapema kiti cha kulia kwenye ndege kubwa anaweza kujaza saa haraka halafu agundue kwamba saa za ukuu bado hazitoshi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Huyo rubani wa Dreamliner unayemwonea wivu, huenda alikula vumbi la Mara miaka kadhaa.

Na ukishaingia kampuni kubwa, kupanda cheo kunategemea foleni. Wengi wanapandishwa kulingana na tarehe waliyoajiriwa. Umri wa mwisho kwa marubani wawili kwenye safari za kimataifa za abiria ni miaka 65. Hivyo kampuni isiponunua ndege mpya, unangoja aliye mbele yako astaafu au ahame. Mshahara wa kapteni mkuu uliousikia wakati wa mgomo ni wa mtu aliye kileleni mwa foleni hiyo. Yule wa mwisho, na yule aliye nje ya lango, hawamo kwenye hesabu ile.

Wenye kampuni nao wana lao, na si haki kuwapuuza. Wanasema: tukimfunza kijana kwa pesa zetu, akipata saa anatorokea Ghuba au kampuni kubwa, sisi tunabaki na deni. Ni kweli. Wakenya wengi wameenda kurusha ndege huko, na mashirika madogo ndiyo yaliyowalea. Ndiyo maana kukawa na bondi, yaani mkataba unaokufunga miaka kadhaa ili kampuni irudishe gharama.

Mimi sina shida na bondi ya haki. Kampuni ilipie mafunzo, kijana atumikie, na deni lipungue kila mwezi anaofanya kazi, ili akiondoka katikati alipe kilichobaki peke yake. Shida yangu ni pale kampuni inapotaka yote mawili: kijana ajilipie mafunzo, na bado afungwe. Au alipie mafunzo halafu alipwe posho ya mwanafunzi huku akibeba abiria waliolipa nauli kamili. Huo si ufadhili wala ajira. Ni kumuuzia mtu kazi.

Matokeo yake ni haya: kiti hakimwendei mwenye mkono mzuri na kichwa kilichotulia, kinamwendea mwenye mzazi wa kuongeza milioni nyingine. Mtoto wa mama mboga aliyekuwa bora darasani anaishia kupima mizigo. Tukifanya hivyo kwenye ualimu au udaktari tungepiga kelele. Kwa nini tunanyamaza kwenye urubani? Kwa sababu tunadhani wote ni matajiri.

Pengine unasema, hayo ni ya marubani, mimi nangoja tu ofa ya tiketi ya kwenda Diani Desemba. Hapana, yanakuhusu. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya kampuni ndogo ya Marekani, Colgan Air, iliyokuwa ikihudumu kwa jina la Continental, ilianguka karibu na Buffalo. Watu 50 walikufa. Wachunguzi walisema kapteni alichukua hatua mbaya ndege ilipotoa onyo kwamba inapoteza mwendo. Lakini uchunguzi huo pia ulifichua mambo ambayo abiria hawakuwa wakiyajua. Rubani msaidizi alikuwa akiishi kwa wazazi wake upande wa pili wa nchi, na alisafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kazini karibu na New York. Mishahara midogo ya marubani wa kampuni hizo ikawa mjadala wa taifa zima.

Tangu 2013 Marekani inataka karibu kila rubani wa ndege za abiria za mashirika awe na saa 1,500, hata msaidizi. Miaka ikapita, marubani wakaadimika, na mwaka 2022 kampuni ndogo zilizo chini ya American Airlines zikapandisha malipo pakubwa ili kuwapata. Funzo ninalolichukua ni kwamba mshahara wa anayeanza haukuwa suala la huruma. Ulikuwa suala la usalama, na haukupanda mpaka kampuni zilipokosa watu. Sisi tusingoje hadi hapo. Rubani mwenye deni shingoni na usingizi machoni ni hatari yako wewe uliyeketi kiti cha 9B.

Basi nifanye nini, unauliza? Sikukatazi ndoto. Ukiwa na moyo wa kuruka, ruka. Lakini kabla ya kulipa karo hata shilingi moja, ingia ofisi ya chuo na uulize: waliomaliza hapa miaka 3 iliyopita, wangapi leo wanarusha ndege kwa mshahara? Wakianza kukuonyesha picha za sare, toka.

Fanya kipimo cha afya cha daraja la kwanza mapema, kabla ya karo, usije ukagundua baada ya mamilioni kwamba macho au moyo haukuruhusu. Panga bajeti ya safari yote, si leseni tu: weka akiba ya kuhuisha vyeti kwa miaka 2 bila kazi. Fikiria ukufunzi kama njia ya kupata saa. Usinunue reitingi bila barua ya kazi iliyotiwa sahihi. Na bondi ukipewa, mpelekee wakili akusomee kabla hujaandika jina lako.

Kwa wakubwa wa sekta nina ombi fupi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, inajua nani ana leseni. Ichapishe kila mwaka idadi ya waliopata leseni mpya na walioajiriwa, ili mzazi wa Trans Nzoia aone soko kabla ya kuuza shamba. Kampuni zinazotumia vijana kubeba abiria ziwalipe kama wafanyakazi. Na serikali inayosema inataka vijana kwenye teknolojia ya juu ifungue mikopo inayofika hadi kwenye kiti cha kwanza, badala ya kumwacha mtu njiani akiwa na saa 200.

Mjomba nilimpigia jana. Nilimwambia asiuze. Nikamwambia Kapteni arudi kwa wale watu na sentensi moja: leteni barua kwanza, yenye mshahara na tarehe ya kuanza, ndipo tuzungumze nani analipia mafunzo. Kama kiti kipo kweli, barua haitawashinda kuandika. Kama hakipo, basi nyumba ya mjomba itakuwa imesalimika.

Binamu yangu hakufurahi. Alisema wataita mtu mwingine mwenye pesa. Huenda ni kweli, na huyo mwingine huenda ni wewe unayesoma hapa. Ukiitwa, nawe waombe barua.