Nani Analipia Unafuu wa Kukutana Dar?

Kila ukoo wa Rufiji wenye watoto mjini una kauli yake ya kufungia mjadala wa wapi mkutano wa ukoo ufanyike: "Tukutane Dar, ndiko rahisi." Inasemwa na watu wazima wenye kazi zao, wanaojua kupiga hesabu, na hupokewa bila kuhojiwa. Wengi wetu tuko Mbagala, Chamazi, Temeke na Gongo la Mboto; waliobaki kijijini kwetu Mkongo ni wachache; basi wachache wawafuate wengi. Ukumbi upo, daladala zipo, kila mtu analala kwake. Naipinga hoja hii yote, kwa sababu hesabu yake imepigwa kwa kuangalia mifuko ya upande mmoja.

Tuanze na nauli. Aliyeko Chamazi anapanda daladala, amefika. Mzee wa Mkongo anatafuta gari la kumfikisha Kibiti au Ikwiriri, anasubiri basi lenye kiti, anashuka Mbagala Rangi Tatu, na hapo ndipo anapoanza kuulizia daladala ya kumpeleka ukumbini. Ndugu yake aliyeko Mbwera au Salale, ndani ya delta, ana kazi kubwa zaidi: yeye anaanza na boti, na boti inafuata maji. Yakipwa, safari imelala. Halafu wazee hawa hawasafiri peke yao. Mama wa miaka sabini haachwi ashuke Rangi Tatu jioni na kapu lake la mchele katikati ya wapiga debe. Lazima awe na mjukuu wa kumshika mkono. Kwa hiyo kila nauli izidishe mara mbili, kisha uizidishe tena kwa kurudi. Katika daftari la mhazini fedha hizi hazimo, kwa kuwa tulishakubaliana kwamba usafiri kila mtu atajitegemea.

Kuna gharama nyingine ambayo mtu wa mshahara haioni kabisa. Mpunga ukianza kutoa masuke, mwenye shamba anahamia dunguni kuamia ndege tangu alfajiri mpaka magharibi, na usiku anapambana na nguruwe. Shangazi yangu mmoja alipigiwa simu msimu huo aje kwenye mkutano wa ukoo, Jumamosi na Jumapili. Akajibu: "Mwanangu, nitakuja, lakini hao ndege nao umeshawaalika huko?" Hakuja, na mkutanoni ikasemwa kwamba watu wa kijijini hawana mwamko. Maneno yale yaliniuma na yananiuma hadi leo, maana aliyeyasema alikula mchele wa shamba lile lile mwaka mzima.

Na hao wanaofika, wanalala wapi? Wengi wetu mjini tumepanga: chumba na sebule, choo kimoja kwa wapangaji watano au sita, maji ya ndoo. Wakija wageni sita kwa siku tatu, watoto wanahamishiwa kwa jirani, wazee wanatandikiwa mkeka sebuleni, na mwenye nyumba anaanza kuuliza wageni wataondoka lini. Mama aliyezoea kuamka saa kumi alfajiri kwenda msalani anajizuia mpaka kupambazuke, kwa kuogopa kugongana gizani na wapangaji asiowajua. Hayo ndiyo malazi tunayoyaita ya bure.

Nafasi ya kulala iko Mkongo. Kuna nyua, kuna baraza, kuna vyumba vya vijana waliohamia mjini ambavyo vitanda vyake vimo ndani na mlango umefungwa. Chukua watu 40. Ukiwalaza gesti wawili wawili, unahitaji vyumba 20 kila usiku. Wakilala siku mbili, umelipia vyumba 40. Watu hao hao ukiwagawa katika nyumba kumi za ndugu, kila nyumba ina wageni wanne, idadi ambayo mwenyeji yeyote wa Rufiji amewahi kuilaza kwenye msiba au harusi bila kelele. Vijana wa kiume waombewe madrasa au darasa la shule siku zisizo na masomo. Wenye kutaka chumba chao peke yao waende gesti za Kibiti au Ikwiriri kwa fedha zao, hakuna atakayewasema.

Sisemi wenyeji wabebeshwe mzigo. Ile fedha ya ukumbi, ya mshereheshaji, ya mapambo na ya sare za vitenge itumwe Mkongo wiki mbili kabla, ikabidhiwe wale akina mama watakaopika na vijana watakaochota maji. Mchele ununuliwe kwao, kuku kwao, nazi kwao, samaki kwa mvuvi wao. Kila mgeni aje na shuka na chandarua chake. Bonde la Rufiji lina mbu, na hakuna nyumba yenye vyandarua vya akiba kwa kundi zima. Vyoo vikaguliwe mapema, maana hapo ndipo wageni wengi wanapowaelemea wenyeji. Mwenyekiti wa kitongoji apewe orodha ya majina kabla magari hayajafika.

Linaloniudhi kuliko yote ni kuambiwa kwamba kule hakulaliki. Barabara inayopita Mkongo ndiyo wanayopita watalii kwenda Mloka, kwenye kambi zilizo jirani na lango la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako mtu analipa fedha nyingi ili alale kwenye hema na kusikiliza viboko wa Mto Rufiji. Mgeni anatoka Ulaya kuja kulala huko, na mtoto wa Mkongo anaona haya kulala kwa baba yake mdogo.

Kwenye gari ndipo makosa makubwa ya fedha yanapofanyika. Watu wakishakubali kwenda, wanakimbilia kukodi Coaster Dar iwapeleke, iwasubiri siku mbili na kuwarudisha. Mwenye gari haitoi bure siku ambayo gari limesimama; dereva na konda wanataka kula na kulala; dizeli unajaza wewe. Kama ni daladala inayotoka nje ya njia yake, inahitaji kibali cha LATRA, na ikikamatwa bila kibali abiria ndio mtakaokaa chini ya mkorosho mkisubiri. Wakati huo mabasi ya kawaida yanapita Kibiti kila siku kwa nauli ya kawaida. Pandeni hayo. Kisha kodini Noah au Hiace za wenyeji kutoka Kibiti, mara ya kwanza kuwapeleka, mara ya pili kuja kuwachukua. Dereva wa kule anayajua madimbwi ya njia yake, na hadai fedha ya kulala. Kundi linalotoka mtaa mmoja na kurudi siku moja, Coaster inaweza kulifaa, mradi mmalizane na mwenye gari kabla ya kutoa advansi kuhusu dizeli, chakula cha dereva na siku za kusubiri. Watu waliotawanyika kutoka Kigamboni hadi Kimara haiwafai hata kidogo. Na msiende wakati wa Idi, ambapo kila mtu wa kusini anagombea kiti kile kile.

Wanaopinga watasema njia ni mbaya na kuna mafuriko. Njia ilikuwa mbaya kweli zamani, hasa kwa wanaovuka mto, wakati barabara kuu ya kusini ilipokatika mtoni na watu wakisubiri pantoni pale Ndundu. Daraja la Mkapa limekuwepo tangu 2003. Mafuriko ni kweli pia. Aprili 2024 maji yaliingia kwenye nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na hakuna mwenye akili atakayeitisha mkutano bondeni masika yakiwa yamechachamaa. Mwezi una uchaguzi wake: mpunga ukishaingia ndani, njia imekauka, korosho hazijaanza kuanguka. Agosti inafaa.

Sababu nyingine ya wanaopinga ni nzito na naiheshimu. Kati ya 2015 na 2017 watu waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wakiwemo viongozi wa vijiji na askari, na mwaka 2017 pikipiki zilipigwa marufuku kutembea usiku. Ukoo uliohamishia shughuli zake mjini wakati ule ulifanya jambo la busara. Lakini hofu ile ilikuwa na wakati wake, na sisi tumebaki na mazoea yake kwa sababu yanatufaa sisi wa mjini.

Kisha kuna shamba, ambalo halikosi kwenye ajenda ya mkutano wowote wa ukoo. Mkongo ni kati ya vijiji vilivyopokea watu walipohamishwa kutoka bondeni baada ya mafuriko ya 1968, katika ile Operesheni Rufiji. Makaburi ya wazazi wa wazee wetu na mashamba yao ya mlau, yale yanayolimwa maji ya mto yakishapungua, yalibaki chini huko, na wanaojua mpaka unapita mti gani sasa wanahesabika. Ukumbini Mbagala mpaka huo huwezi kumwonesha mtu yeyote. Ndiyo maana kila mara tunamaliza kwa kuteua kamati ndogo iende Mkongo ikaangalie, kwa gari na posho za michango yetu wenyewe. Safari tuliyosema hatuimudu tunakuja kuilipia, na wanaokwenda ni watu wanne.

Mkutano ujao ukianza kupangwa, mhazini aanze na nauli ya anayetoka mbali kuliko wote, aongeze ya msindikizaji wake, aandike siku za dungu zitakazopotea, aorodheshe vitanda vilivyopo Mkongo na vilivyopo Chamazi. Atuoneshe hesabu hiyo kabla hajalipia ukumbi.