Kucha za marumaru si ushahidi wa utajiri

Vijana wenzetu wa Kigali, wa Mahama, wa Kiziba na popote mnapotusoma, na ninyi dada na kaka wa mashirika: leo tunaongelea kucha. Ndiyo, kucha. Tunajua wapo watakaocheka. "Mkimbizi na verni wapi na wapi?" Maneno hayo tumeyasikia kwenye foleni, tumeyasikia kanisani, na tumeyasikia hata kwa watu wanaolipwa ili watusaidie. Ndiyo maana tunaandika.

Msimamo wetu ni huu. Kupamba kucha ni kazi kama ushonaji au useremala. Mtu anaweza kuanza kujifunza chumbani kwake kwa vitu vichache. Na mkono uliopakwa rangi usitumiwe kupima nani ana shida na nani hana.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaidharau bila kuijua. Sisi wa Goma, Bukavu na Bujumbura tunasema verni. Wenzetu waliopitia Nairobi au Kampala wanasema kyuteksi. Kitu ni kilekile. Mtindo tunaoupenda ni wa marumaru: rangi mbili au tatu zinapita ndani ya nyingine kama mishipa ya jiwe, na kila ukucha unatoka na mchoro wake, haufanani na mwingine.

Ukitaka kujaribu nyumbani, tafuta chupa mbili tatu za verni, kikombe cha zamani ambacho hakitanywewa tena, kijiti cha meno, vazelini, pamba na disolvani. Kwanza paka ukucha rangi nyeupe, uiache ikauke kabisa. Zungushia vazelini kwenye ngozi ya kidole, lakini usiguse ukucha. Maji yasiwe baridi wala moto; yawe ya kawaida, yale yaliyokaa chumbani. Dondosha tone la rangi ya kwanza ukiwa karibu na maji, si kutoka juu, nalo litatanuka kuwa duara. Tone la pili lidondoshe katikati ya la kwanza, la tatu katikati ya la pili. Fanya haraka, maana utando huanza kukauka pembeni. Kwa ncha ya kijiti vuta mistari kutoka katikati kwenda nje, ukifuta ncha kila mara. Sasa zamisha ukucha ukiwa umelala sambamba na maji. Usiutoe bado! Kidole kikiwa ndani, tumia kijiti kukusanya utando uliobaki juu ya maji. Hapo ndipo utoe, ufute pembeni, uache ikauke, halafu umalizie na verni isiyo na rangi.

Hakuna uchawi hapo. Verni imeyeyushwa kwa kimiminika kinachoruka upesi, na maji yana nguvu ya kuvuta tone litandazike juu yake. Maji yakiwa baridi, rangi inaganda kabla ya kutanuka. Verni ikiwa ya zamani na nzito, inazama. Na ile ya jeli, inayokaushwa kwa taa, haifai kwa kikombe cha maji, maana yenyewe haikauki kwa hewa. Kwa hiyo ukishindwa mara ya kwanza usiseme huna mkono wa kazi. Angalia kwanza maji, halafu chupa.

Video nyingi za huko nje zinakuambia uchanganye rangi juu ya mfuko wa plastiki, kisha ubandue. Hapa Rwanda mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008, kila mtu anajua. Sisi tunatumia maji, au tunachanganya palepale juu ya ukucha rangi ikiwa mbichi. Kuishi ugenini kumetufundisha hilo: unachukua ujuzi wa mtu, unaukata kwa kipimo cha mahali ulipo.

Ujuzi huu wenyewe una ukoo mrefu. Wajapani waliweka wino juu ya maji na kulaza karatasi juu yake karne nyingi zilizopita. Waturuki wana sanaa yao ya karatasi ya marumaru, ebru, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwenye karatasi inaitwa urithi. Kwenye ukucha wa msichana Mkongomani anayeishi Nyamirambo, eti ni upuuzi. Tofauti iko wapi?

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma. Tangu 2021 msaada wa chakula kambini unatolewa kwa kupanga familia katika makundi kulingana na mahitaji. Hatupingi kwamba mwenye shida zaidi asaidiwe kwanza. Lakini kupanga makundi kumezaa macho ya kuchunguza. Wapo dada zetu wanaokwangua verni usiku kwa sababu kesho wana miadi ofisini. Hatusemi kucha zimeandikwa kwenye fomu yoyote. Tunasema hofu ipo, na hofu hiyo haikuota yenyewe. Ilipandwa na sentensi ndogo ndogo: "Wewe mbona umependeza?" "Hela ya kucha unaitoa wapi?"

Jibu ni rahisi. Mara nyingi haitoki popote. Chupa moja ndogo inapaka mikono mingi. Wasichana watano wakichanga, kila mmoja analeta rangi yake, wote wanatoka na marumaru. Na huyo unayemwona amependeza, pengine ni kwa sababu anajifunza, na mkono wa kwanza anaoujaribia ni wake. Fundi cherehani akivaa shati zuri hatumwiti tajiri. Tunauliza nani kalishona.

Tena tukumbushane kitu kuhusu mjini. Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na tangu 2018 nchi imo katika mpango wa kimataifa unaosema mkimbizi ajitegemee badala ya kungojea msaada miaka yote. Sisi wa Kigali tunatarajiwa kujilipia nyumba na chakula. Vizuri. Basi mtu akianza kujitegemea kwa brashi na kikombe cha maji, asichekwe. Huwezi kumwambia mtu ajisimamie halafu ukatae miguu aliyochagua kusimamia.

Hesabu nayo ipo. Tuseme umenunua verni tatu, disolvani na pamba kwa franga 6,000, na jirani anakulipa 1,000 kwa mikono miwili. Mteja wa saba ndiye anayeanza kukuletea faida, na chupa bado hazijaisha. Andika kila kitu kwenye daftari: nani kalipa, nani kakopa, rangi gani inaombwa sana. Bila daftari utapaka marafiki bure mpaka chupa zikauke. Na Kiswahili chetu kisisahaulike, maana nacho ni mtaji. Ukienda Biryogo au Nyamirambo unaongea na mteja lugha yake, na lugha hiyo ni rasmi Rwanda tangu 2017. Ila mjue pia wateja wenu: dada Waislamu wengi hawapaki verni siku za sala, kwa sababu inazuia maji ya udhu kufika kwenye ukucha. Jifunzeni na hina, hiyo haizuii.

Jambo moja kwa wale waliozoea Goma au Bujumbura, ambako kijana anazunguka na kikapu chake cha verni mtaa hadi mtaa. Kigali si hivyo. Kuuza barabarani kumekatazwa, na anayeuza na anayenunua wote wanaweza kupigwa faini. Fanyeni kazi nyumbani, kwa mteja, au mkubaliane na mwenye saluni awape kiti. Na wavulana, msione aibu. Wale wa kikapu kule kwetu wengi ni wanaume.

Na afya? Hapo hatufichi kitu. Disolvani ya asetoni inashika moto haraka sana. Vyumba vyetu ni vidogo, jiko la makaa liko hatua mbili. Usifungue chupa hiyo wakati jiko linawaka ndani. Toka nje, au ngoja chakula kiive na makaa yazimike. Dirisha liwe wazi, watoto wakae mbali. Baadhi ya verni zina toluini na fomaldehidi, ambazo zinaumiza mapafu na ngozi, kwa hiyo soma karatasi ya chupa. Chupa isiyo na maandishi yoyote iache sokoni hata ikiwa rahisi. Vifaa vya kukatia kucha vioshwe na kusafishwa kwa spiriti kati ya mteja na mteja. Ukucha wenye fangasi usiupake. Mwambie mwenye nao kwa heshima aende kituo cha afya.

Wapo wazazi watakaosema: watoto wanakosa karo, ninyi mnaongea rangi. Mama, baba, tunawasikia. Hatusemi kucha zitalipa kila kitu. Tunasema binti aliyemaliza sekondari na kukaa nyumbani miaka miwili akingoja nafasi ya kusoma hapaswi kukaa mikono mitupu. Saa tatu za mazoezi jioni hazimwibii chuo. Zinaweza kumlipia nauli ya kwenda kuomba nafasi hiyo.

Kwa mashirika tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya. Kwanza, mkiandaa mafunzo ya urembo, yasiishie kwenye cheti na picha. Cheti hakipaki ukucha. Mpeni mwanafunzi vifaa vya kuanzia, hata kama ni sanduku dogo, na mumfundishe daftari la hesabu. Pili, tafuteni walimu miongoni mwetu. Kuna dada katika mtaa wenu anayejua kazi hii kuliko mgeni mnayemlipia hoteli. Tatu, wakumbusheni wafanyakazi wenu wanaokaa mezani na kupokea watu: ulizeni mtu amekula nini, analala wapi, nani anaugua nyumbani. Mikono yake iacheni.

Na ninyi wadogo zetu, mkiitwa ofisini kesho, msikwangue. Nendeni na kucha zenu za marumaru, mkieleza shida yenu kwa ukweli. Na yeyote akiuliza mlikopaka, mwambieni: nilipaka mwenyewe, na kama unataka, Jumamosi nina nafasi.