Nywele Kupukutika Kabla ya Harusi

Bi harusi anachana nywele, kitana kinajaa, na nyumba nzima inaanza kumtafuta mwenye husda. Husda ipo, hatuikatai, na adhkari za asubuhi na jioni tusiziache. Lakini kabla ya kumnyooshea jirani kidole, tuhesabu miezi.

Mwili ukipigwa na homa kali, ya dengi au korona kwa mfano, nywele nyingi huacha kukua kwa wakati mmoja. Hazitoki siku hiyo. Hupukutika miezi miwili au mitatu baadaye, homa yenyewe tumeshaisahau. Msongo wa mawazo nao hufanya vivyo hivyo, na harusi zetu hizi za michango, msongo ni wa bure! Zipo na dawa: za kuzuia damu kuganda, baadhi ya zile za kifafa na za presha. Tusizikatishe wenyewe, tumuulize daktari aliyetuandikia.

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Zikizidi baada ya homa, mizizi huwa ingali hai, na mara nyingi kupukutika hupungua ndani ya miezi sita, nywele zikaota tena taratibu. Kinachotukera ni mafuta ya “wiki moja tu” anayouziwa bi harusi mwenye hofu, kisha anasukwa misuko ya kubana ili kuficha, nayo inazidi kuzing'oa. Zikitoka kwa mabaka, au ngozi ya kichwa ikiuma, aende hospitali, apimwe na damu. Singo na hina viendelee kama kawaida.