PRESHA HAIPIMWI KWA HARAKA

Karibu kila siku ya kliniki tunasikia ombi hili: "Sista, nipime presha upesi, nawahi gari." Wengine hunyoosha mkono wakiwa bado wamesimama, wakihema kwa kupanda kilima. Leo tungependa kueleza kwa nini ombi hilo hatulikubali, na kwa nini ninyi pia msikubali kupimwa namna hiyo.

Presha ni nini? Tazameni tangi la maji. Likiwekwa juu ya mnara, bomba la chini hutoa maji kwa nguvu. Likiteremshwa, maji yanachuruzika tu. Kadiri maji yanavyosimama juu zaidi, ndivyo msukumo wa chini unavyokuwa mkubwa. Kwa hiyo msukumo wa kimiminiko chochote unaweza kupimwa kwa urefu.

Hivyo ndivyo alivyofanya Stephen Hales, mchungaji wa Kianglikana wa Uingereza. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1733 alieleza jinsi alivyounganisha bomba la kioo na mshipa wa farasi, na damu ikapanda zaidi ya mita 2. Kwa mtu mwenye afya ingepanda kama mita moja na nusu. Nani angekubali kupimwa hivyo? Baadaye ikatumika zebaki, ambayo ni nzito zaidi ya mara 13 kuliko maji, na bomba likawa fupi. Mwaka 1896 Mtaliano Riva-Rocci alianza kutumia mshipi wa kufunga mkononi unaojazwa hewa, na mwaka 1905 Mrusi Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza sauti za mshipa wa damu. Siku hizi mashine za zebaki zinaondolewa kwa sababu zebaki ni sumu, lakini hesabu bado ni ya milimita za zebaki.

Mnaposikia "120 kwa 80", namba ya kwanza ni msukumo wakati moyo unasukuma damu, na ya pili ni wakati moyo unapumzika kati ya pigo na pigo. Kwa kawaida tunasema presha iko juu inapofikia 140 kwa 90 au kuzidi, tena kwa kupimwa zaidi ya siku moja.

Sasa rudini kwenye lile tangi. Mkono ukining'inia sentimita 13 chini ya usawa wa moyo, kipimo huongezeka karibu milimita 10, ingawa mgonjwa hana tatizo jipya. Kuongea, kubana mkojo, kutoka kuvuta sigara au kufungwa mshipi mdogo kwenye mkono mnene, yote hayo hupandisha namba.

Hatuoni aibu kukiri kosa letu. Tunamkumbuka mzee mmoja aliyefika kwa miguu siku ya foleni ndefu. Tulimpima amesimama, mkono ukining'inia, juu ya mkono wa koti. Namba ilikuwa kubwa, akapewa vidonge siku ileile bila kupimwa tena. Baada ya wiki mbili wanawe walimleta amebebwa. Alikuwa amepata kizunguzungu usiku, akaanguka na kuvunjika nyonga. Alipolazwa tukampima vizuri siku kadhaa bila vidonge, na presha yake ilikuwa ya kawaida. Kosa halikuwa la mzee wala la mashine. Lilikuwa la haraka yetu.

Kwa hiyo tunasema: namba iliyopatikana kwa haraka ni afadhali isiandikwe kwenye kadi. Mgonjwa akae kwenye kiti dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne. Mkono uwe wazi, umelazwa mezani usawa wa moyo. Apimwe mara mbili, na namba zote mbili ziandikwe. Kama namba ni kubwa mno, au ana maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja au kushindwa kusema, hapo hatungoji siku nyingine. Aonwe na daktari mara moja. Na mama mjamzito mwenye 140 kwa 90 au zaidi asiondoke bila kuonwa na daktari, hata kama anajisikia vizuri, maana kifafa cha mimba hakingojei.

Tafadhali, asiwepo atakayesoma habari za mzee yule akatupa vidonge vyake. Presha ya kweli mara nyingi haiumi kichwa wala haionyeshi dalili, nayo huharibu moyo, figo na ubongo kimyakimya. Mwenye mashaka na arudi apimwe upya, si kuacha dawa mwenyewe.

Kwa wauguzi wenzetu tunasema: foleni ni ndefu, tunajua, lakini dakika 5 si nyingi mbele ya dawa ambayo mtu huenda akaimeza maisha yake yote. Na ninyi wasomaji, mkiona tunawafunga mshipi mkiwa mmesimama, msiogope kutuambia, "Sista, ngoja kwanza nikae." Hatutakasirika, na kama tukikasirika, kaeni tu.