Onyo lililo kwenye boksi la dawa liandikwe kwa Kiswahili

Wiki tatu zilizopita, pale Namanga, mama mmoja anayevusha vitunguu kwenda Nairobi aliniomba nimsomee maandishi kwenye vidonge alivyokuwa navyo. Vilikuwa kumi, vimekatwa kutoka kwenye pakiti, bila boksi wala karatasi ya maelezo. Alivinunua upande wa pili wa mpaka kwa sababu huko ni bei nafuu, na hakuna aliyemwuliza cheti cha daktari.

Ni vya mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na ushei. Siku hizi bibi huyo anamwita binti yake kwa jina la dada aliyefariki, anatoka usiku kwenda kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani, na akizuiwa anapiga kelele. "Nikimpa kimoja jioni analala mpaka asubuhi," akaniambia. "Na mimi, kaka, napata kusafiri."

Dawa yenyewe ilikuwa haloperidoli. Ni dawa ya wagonjwa wa akili.

Sikumlaumu, na sitamlaumu hapa. Kila aliyewahi kulala mpakani akisubiri mzigo upite anajua nyumbani ameacha nani na nani. Mara nyingi mzee anabaki na msichana wa kazi, au mjukuu anayepaswa kuwa shule. Lakini kidonge hicho kina historia, na kuna wenzetu waliokwisha kuilipia.

Nchini Marekani na Uingereza wazee wengi wenye ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimenshia, hutunzwa katika makao ya wazee. Baadhi yetu tuna ndugu wanaofanya kazi huko, na wanajua zamu za usiku zilivyo: wahudumu wachache, wazee wengi, na mmoja anayetangatanga anatosha kuvuruga jengo zima. Basi zikatumika dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wanaosikia sauti zisizokuwepo. Mzee alitulia, zamu ikaisha salama.

Mwezi Aprili 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu dawa mpya za kundi hilo. Ilikuwa imechambua majaribio 17 yaliyowahusu wazee wenye dimenshia. Katika jaribio la kawaida la wiki kumi hivi, kati ya kila wazee 1,000 waliopewa dawa walikufa kama 45. Kati ya 1,000 waliopewa vidonge visivyo na dawa, walikufa kama 26. Wengi walikufa kwa matatizo ya moyo au kwa maambukizi kama nimonia. Mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi dawa za zamani, haloperidoli ikiwemo.

Uingereza nayo, mwaka 2009, ripoti ya Profesa Sube Banerjee kwa serikali ilikadiria kwamba watu 180,000 wenye dimenshia walikuwa wakipewa dawa hizi kwa mwaka, na waliopata nafuu ni 36,000 tu. Vifo vya ziada vilikadiriwa kuwa 1,800 kila mwaka. Mwaka 2013 kampuni ya Johnson & Johnson ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 kumaliza kesi nchini Marekani. Moja ya madai yalikuwa kwamba dawa yake ya Risperdal ilinadiwa kwa ajili ya wazee wenye dimenshia bila idhini kwa matumizi hayo.

Hizo ni nchi zenye wakaguzi na mafaili. Sisi tuna kipande cha vidonge kumi kilichofungwa kwenye gazeti.

Sisemi dawa hizi hazina kazi. Mzee anayeshambulia watu anaweza kupewa na daktari, kidogo na kwa muda mfupi. Uingereza, risperidoni imeruhusiwa kwa wagonjwa kama hao kwa muda usiozidi wiki sita. Yule bibi alikuwa mwezi wa tano. Ameanza kuburuta miguu, mikono inatetemeka, uji unampalia. Binti yake alidhani ni uzee, kumbe hayo ni madhara ya dawa hizi yanayojulikana.

Zipo pia dawa za dimenshia yenyewe, kama donepezili na memantini. Haziponyi, huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda tu. Wala si dawa za usingizi, kwa hiyo anayekuuzia kidonge cha kulaza akikuita pembeni na kusema ni "cha kumbukumbu", mwache na kidonge chake.

Mzee akibadilika ghafla, ndani ya siku mbili tatu, tafuta ugonjwa kwanza. Yaweza kuwa malaria, kiu, choo kigumu au maumivu asiyoweza kuyaeleza. Baba yangu aliwahi kutuchanganya wiki nzima, akimwita kila mtu karani wa chama cha ushirika. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Alipotibiwa, akaanza tena kuuliza bei ya kahawa.

Tangu 2021 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini maboksi ya dawa yanayovuka mipaka yetu bado yanazungumza Kiingereza na Kifaransa. Mamlaka za dawa za nchi wanachama zikubaliane juu ya sentensi moja tu kwa kuanzia: dawa hii inaweza kumuua mzee mwenye ugonjwa wa kusahau. Na wenye maduka waache kukata pakiti na kuuza bila cheti.

Sisi nasi tuna vikundi. Tunachangiana msiba, harusi, hata mzigo uliozuiliwa forodhani. Sioni kwa nini tusichangie mtu mzima mwaminifu wa kukaa na mzee wa mwenzetu siku mbili.

Yule mama nilimwandikia jina la dawa kwa herufi kubwa ampelekee daktari wa hospitali ya wilaya, nikamsihi asiikatishe ghafla kabla ya kumwona. Aliikunja karatasi, akaiweka pamoja na hati za vitunguu. Akasema atakwenda Jumatatu, mzigo ukishapita.