Moyo Haupasuliwi kwa Fahari

Wako wenyeji wa Voi wasemao ya kwamba heshima ya kaunti yetu ni kuwa na chumba chake cha kupasulia moyo, mgonjwa asisafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi. Uchungu wao naujua. Rai yao siikubali.

Mpasuaji ahitaji mtoa usingizi, mwendesha mashine ya damu na wauguzi wa kukesha. Nao wote wahitaji kazi ya mara kwa mara, kwani mkono usiozoea hukosea. Huko Bristol, Uingereza, hospitali haikukosa madaktari wenye elimu. Hata hivyo, uchunguzi uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha ya kwamba kati ya 1991 na 1995 watoto wachanga 30 hadi 35 walikufa zaidi ya ilivyotazamiwa. Daktari aliyehesabu vifo hivyo hakusikilizwa.

Basi hospitali itakayo kupasua moyo, hasa iliyo ndogo, kwanza ihesabu vifo vyake na kuvitangaza. Sisi huku tuanze na koo la mtoto: homa ya baridi yabisi, iharibuyo vali za moyo, huanzia hapo, na penisilini huizuia.

Enyi vijana, siku mtakapoonyeshwa chumba hicho, msiulize kimegharimu kiasi gani. Ulizeni: wangapi waliingia, na wangapi walirudi kwao?